Saa nane za usiku, nani anajibu?

Ilikuwa saa nane na dakika kumi usiku katika wodi ya watoto ya hospitali moja huku magharibi mwa Kenya. Niliweka kiganja changu kando ya kiganja cha mtoto, nikapiga picha viganja viwili tu, bila uso, bila kitepe cha jina. Changu kilikuwa na wekundu wake wa kila siku. Chake kilikuwa cheupe kama unga wa muhogo. Nikaandika kwenye grupu yetu ya wanaohudumia watoto: "Miaka miwili, kilo kumi. Malaria imethibitishwa. Anapumua kwa shida, mikono baridi. Damu imeagizwa, haijafika. Nimpe maji ya dripu ya haraka?"

Ndani ya dakika nne majibu matatu yalikuwa yameingia. La kwanza lilikuwa linki ya video ya hospitali ya ng'ambo, dakika ishirini na sita, yenye michoro mizuri ajabu. La pili lilisema: "Mililita 20 kwa kilo, haraka, kisha mpime tena." La tatu lilitoka kwa afisa wa kliniki wa hospitali ndogo katika kaunti jirani: "Sista, usimsukumie maji kwanza. Hemoglobini ngapi? Mpigo wa mkononi unausikia? Benki ya damu umeongea na nani?"

Hemoglobini, kipimo cha wingi wa damu, ilikuwa 3.6, chini mno. Mpigo niliusikia, wa mbio lakini upo. Benki ya damu nilikuwa nimepeleka fomu, sikuwa nimeongea na mtu yeyote. Nikampigia mtu wa maabara aliyekuwa zamu, nikamweleza kinachoendelea, akaacha kazi nyingine zote. Damu ilianza kuingia saa tisa na nusu. Kulipokucha mama alikuwa amempakata mwanawe, ananyonya.

Tangu usiku ule nimekuwa nikiyapima majibu yale matatu. Hakuna aliyejibu kwa ujinga. Wote watatu walikuwa macho usiku wa manane kwa ajili ya mtoto wasiyemjua, na jambo hilo peke yake linanigusa hadi leo. Lakini ni jibu moja tu lililonifaa pale nilipokuwa nimesimama, nalo halikuwa na video wala faili. Lilikuwa na maswali matatu kutoka kwa mtu aliyeijua wodi kama yangu. Siku hizi kuna juhudi nyingi za kujenga maktaba na jumuiya za mtandaoni kwa wanaohudumia watoto mahututi, na wengi huzipima kwa wingi wa video na idadi ya wanachama. Mimi nazipima kwa jibu la tatu. Ningependa kueleza linatokana na nini, na tufanyeje ili lipatikane kila usiku, hata usiku ambao yule mwenzetu amelala.

Tuanze na maji

Kwa miongo mingi vitabu vya tiba vilifundisha kwamba mtoto ambaye damu yake haizunguki vizuri, mikono ikawa baridi na mpigo ukawa dhaifu, apewe maji mengi ya dripu kwa kasi. Ukiangalia, inaeleweka: mirija imelegea, ijaze. Kisha ukaja utafiti ulioitwa FEAST, uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu waligawanywa katika makundi matatu. Kundi moja lilipewa maji ya chumvi kwa haraka, la pili likapewa albumini, maji yenye protini ya damu, kwa haraka, la tatu likapata dripu ya kawaida ya polepole tu. Baada ya saa 48, waliofariki katika makundi mawili ya haraka walikuwa asilimia 10.5 na 10.6. Katika kundi la polepole walikuwa asilimia 7.3. Tofauti ilikuwa wazi kiasi kwamba kuandikisha watoto kulisitishwa Januari 2011, kabla ya idadi iliyopangwa kutimia.

Moja ya hospitali zilizoshiriki ni ya Mbale. Ukitoka Bungoma asubuhi ukavuka Malaba, mchana uko Mbale. Zaidi ya nusu ya watoto wa utafiti ule walikuwa na malaria, na karibu theluthi moja walikuwa na hemoglobini chini ya 5. Hao ndio watoto tunaowapokea sisi, wa Kano, wa Busia, wa Siaya. Mtoto wa kiganja cheupe aliyekuwa mbele yangu angeweza kuwa mmoja wao.

Sasa basi, aliyeniandikia "mililita 20 kwa kilo" alikosea? Hapa ndipo mambo yanapohitaji utulivu. Mwongozo wa kimataifa wa kutibu sepsisi, maambukizi yanayovuruga viungo vya mwili, kwa watoto uliotolewa mwaka 2020 una majibu mawili kwa swali hilo moja. Palipo na chumba cha wagonjwa mahututi, unaruhusu kati ya mililita 40 na 60 kwa kilo katika saa ya kwanza, kidogo kidogo, huku mtoto akipimwa kila hatua. Pasipo na chumba hicho, na kama presha ya mtoto haijashuka, unasema maji ya haraka yasitolewe kabisa, aanzishiwe dripu ya kawaida. Ugonjwa ni ule ule. Kinachotofautiana ni kilicho nyuma ya kitanda. Mapafu yakijaa maji, mwenye chumba hicho ana mashine ya kumpumulia mtoto hatua mbili kutoka pale. Mimi nilikuwa na mtungi wa oksijeni uliokuwa ukigawanywa kwa watoto watatu.

Kwa hiyo video niliyotumiwa ilikuwa ya kweli kabisa, kwa mtu mwingine.

Kuna upande wa pili wa habari hii, na lazima usemwe kila FEAST inapotajwa. Watoto wa kuhara hawakuwemo katika utafiti ule, wala wenye utapiamlo mkali, wala walioungua. Mtoto aliyekaushwa na kuharisha anahitaji maji, na kumcheleweshea ni kumpoteza. Nimewahi kuona ujumbe umesambazwa kutoka grupu moja hadi nyingine ukisema tu "maji ya haraka yanaua watoto Afrika". Mstari mmoja, bila kusema watoto gani. Muuguzi mgeni akiusoma ujumbe huo usiku wa kipindupindu, ukweli uliokatwa mkia unaweza kumfunga mikono pale anapotakiwa kukimbia.

Kila somo na anwani yake

Mfano wa pili ni wa kupumua. Kuna njia ya bei nafuu ya kumsaidia mtoto mwenye nimonia kali: mrija wa hewa anayotoa unazamishwa kwenye chupa ya maji, yanatoka mapovu, na ule msukumo unayaweka mapafu wazi. Huko Dhaka, Bangladesh, matokeo ya mwaka 2015 yalionyesha kwamba waliofariki kwa njia ya mapovu walikuwa asilimia 4, na kwa oksijeni ya kawaida asilimia 15. Picha za chupa zile zilizunguka dunia nzima, na ni haki yake. Kisha Malawi, katika hospitali ya wilaya, watoto 644 wenye nimonia kali na hali nyingine juu yake, kama VVU, utapiamlo au upungufu mkubwa wa oksijeni, walifuatiliwa. Matokeo yalitoka mwaka 2019: kwa mapovu walifariki asilimia 17, kwa oksijeni ya kawaida asilimia 11. Dhaka madaktari walikuwa karibu. Malawi kazi ile ilifanyika bila daktari kuwasimamia kila siku, na watoto wenyewe walikuwa wamechoka zaidi.

Mtu anayeandaa somo la kutengeneza chupa ile, akaeleza kila kitu kuhusu mrija na kina cha maji bila kusema ni nani atakayekaa na mtoto baada ya kuuweka, ametoa nusu ya somo. Ndiyo maana nasema somo lolote la watoto mahututi linapaswa kuanza na anwani: limeandikwa kwa ajili ya wodi ya namna gani, wauguzi wangapi kwa watoto wangapi, lina oksijeni ya aina gani, na ikiwa mambo yataharibika, msaada uko umbali gani. Mistari mitatu inatosha. Mwandishi wa Boston akiandika hivyo, mimi wa Kisumu nitajua nichukue nini na niache nini. Nami nikiandika hivyo, mwenzangu wa Lodwar hatadanganyika na wodi yangu.

Baada ya anwani, tarehe. Dozi ya sindano ya atesuneti, dawa inayookoa watoto wa malaria kali, ilikuwa miligramu 2.4 kwa kilo kwa kila mgonjwa. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likasema mtoto aliye chini ya kilo 20 apewe miligramu 3 kwa kilo, kwa sababu miili midogo ilikuwa ikipata dawa pungufu. Lakini faili ya PDF haizeeki usoni. Ile ya zamani na ile mpya zinafanana zikiwa kwenye simu, na ile ya zamani ndiyo iliyosambazwa zaidi kwa kuwa imekuwepo muda mrefu zaidi. Chati ya ukutani angalau hubadilika rangi, ikachanika pembe, mtu akauliza kama bado inatumika. Faili inahitaji mtu wa kuifuta.

Wizara yetu ya Afya kwa bahati njema ina kijitabu cha miongozo ya msingi ya matibabu ya watoto, kinachoingia mfuko wa koti na kutolewa upya toleo baada ya toleo. Kinakwenda pamoja na mafunzo ya dharura ya watoto yaitwayo ETAT+, yaliyokuzwa hapa Kenya juu ya msingi wa mafunzo ya Shirika la Afya Duniani. Katika grupu yetu tumekubaliana kwamba jibu lolote la dozi liende na picha ya ukurasa wa toleo la sasa, tarehe ikionekana. Hilo limepunguza ubishi kuliko sheria nyingine yoyote tuliyojaribu.

Saa ya dharura na saa ya kujifunza

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuweka kila kitu mahali pamoja. Grupu inaanza na watu ishirini wanaojuana. Baada ya mwaka ni mia tatu. Ndani yake kuna swali la mtoto anayekata roho, tangazo la kongamano la Mombasa, pole za msiba, linki ya mafunzo, na salamu za asubuhi zenye waridi. Swali la saa nane za usiku likifika, wengi wameshazima mlio. Hawana hatia, mtu lazima alale.

Dharura ina mwendo wake. Inataka watu wachache wanaojulikana kwa zamu, kama vile wodi inavyokuwa na zamu: wiki hii daktari fulani na muuguzi fulani ndio wanaokesha na simu. Ikiwa hakuna jibu ndani ya dakika tano, unapiga simu, huandiki tena. Nje ya swali na jibu hakuandikwi kitu humo. Hata shukrani zinasubiri asubuhi.

Kujifunza kuna mwendo mwingine kabisa. Kwa hilo nimevutiwa na alichokifanya daktari mmoja wa ini huko New Mexico, Marekani, Sanjeev Arora. Mwaka 2003 alikuwa na foleni ndefu ya wagonjwa wa homa ya ini aina ya C, wengine wakisafiri mbali sana kumfikia. Badala ya kungoja waje, akaanza kukutana kwa video kila wiki na wahudumu wa kliniki za vijijini na za magereza. Kila mmoja analeta mgonjwa wake, wanamjadili pamoja, anarudi kumtibu mwenyewe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011, wagonjwa 407: waliopona katika kliniki ya chuo kikuu walikuwa asilimia 57.5, na waliopona mikononi mwa wahudumu wa vijijini asilimia 58.2. Mpango huo unaitwa ECHO, na leo unatumika kwa magonjwa mengi, nchi nyingi.

Siri yake, kwa jinsi ninavyoielewa, iko katika yule anayeleta mgonjwa. Ukisikiliza mhadhara, unasahau nusu kabla ya kufika Kondele. Ukimleta mtoto wako mwenyewe, ukaulizwa kwa nini ulifanya hivi na hukufanya vile, hutasahau. Na mtaalamu naye anajifunza jambo ambalo kitabu hakimwambii: kwamba huku damu inaweza kuchukua saa mbili, kwamba umeme ukikatika mashine ya kuzalisha oksijeni inanyamaza, kwamba mtoto wa selimundu amekuja kwa bodaboda kutoka Nyakach mvua ikinyesha. Wiki inayofuata ushauri wake unakuwa umebadilika.

Ugonjwa wa ini unaweza kungoja kikao cha wiki. Mtoto anayepumua kwa kukoroma hawezi. Kwa hiyo huwezi kuchagua moja ukaacha jingine: zamu ya dharura inaokoa mtoto wa leo, kikao cha wiki kinahakikisha kwamba swali la leo halitaulizwa tena mwezi ujao na mtu yule yule akiwa na hofu ile ile.

Halafu kuna maktaba, ambayo ndiyo watu hukimbilia kuijenga kwanza na mimi ningeijenga mwisho. Nyingine zipo tayari na ni za bure. OPENPediatrics, iliyoanzishwa na madaktari wa hospitali ya watoto ya Boston, ina masomo ya kina ya mashine za kupumulia, na kwa wenzetu wa hospitali kubwa zenye mashine hizo ni hazina. Kuna LIFE, mchezo wa simu uliotengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford pamoja na wenzao wa Kenya, ambamo unajizoeza hatua za kumwokoa mtoto wa dharura kabla hujakutana naye. Hatuhitaji kurudia kazi hizo. Tunachohitaji kuandika wenyewe ni kile ambacho hakuna wa kutuandikia: namna ya kugawa mtungi mmoja kwa watoto watatu, nani wa kupigiwa simu damu ikikosekana, na jinsi ya kumsafirisha mtoto anayetegemea oksijeni kutoka Rarieda hadi Kisumu.

Anayenyamaza

Jumuiya haihesabiwi kwa waliomo tu. Kuna wanaosema na kuna wasiosema. Huku kwetu mtoto mahututi hukutana kwanza na afisa wa kliniki au muuguzi, tena mara nyingi aliye peke yake na wodi nzima. Huyo ndiye mwenye maswali. Lakini akiingia grupu yenye mabingwa wa Nairobi na mkuu wake wa idara, anapima mara mbili. Akiuliza, je, atasikika kama hajui kazi? Kesho mkuu atamwita? Basi ananyamaza, anabahatisha. Tunasema kuuliza si ujinga, lakini tunasema hivyo kwa mdomo huku macho yakisema vingine.

Nimeona mambo mawili yakifungua midomo. Kwanza, mabingwa nao waulize. Siku daktari wetu mkuu wa watoto alipoandika, "Mtoto huyu simuelewi, nisaidieni," maswali ya wauguzi wiki ile yaliongezeka kwa namna ambayo hakuna tangazo lingeweza kuyaongeza. Pili, karipio lisitolewe hadharani. Mtu akikosea dozi, msimamizi anamfuata pembeni kwa simu, na kwenye grupu anaandika tu dozi sahihi na ukurasa wake. Aliyekosea anabaki na heshima yake, na kosa haliendi mbele.

Na wasisahauliwe watu wa maabara na mafundi wa vifaa vya hospitali. Usiku ule aliyemwokoa mtoto, ukihesabu kwa haki, alikuwa mtu wa benki ya damu. Hakuwa kwenye grupu yetu. Sasa yumo.

Mtoto aliyetumwa Russia

Kuna jeraha dogo ambalo kila mhudumu wa hospitali ndogo analijua. Unampokea mtoto mahututi, unahangaika naye saa nne, unampakia kwenye ambulensi kwenda Russia, jina ambalo watu wa Kisumu bado wanaiita hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Ambulensi inapiga king'ora, inatoweka. Na hapo ndipo unapoachia. Aliishi? Ulichompa kilimsaidia au kilimdhuru? Hujui, na usipojua, utafanya vile vile kwa mtoto mwingine kwa miaka kumi, iwe ni sawa au si sawa.

Kazi kubwa kuliko zote ambayo jumuiya ya mtandaoni inaweza kufanya ni kurudisha jibu hilo. Ujumbe mmoja baada ya siku tatu: "Yule wa Jumatatu ametolewa oksijeni, anakula. Mngewahi kumpa sukari mapema ingekuwa bora zaidi." Maneno kumi na matatu, na aliyeyapokea amejifunza kuliko semina ya siku mbili. Kwa kiwango kikubwa, jambo hili lilianza kufanywa nchini mwaka 2013 kupitia Clinical Information Network, ushirikiano wa watafiti wa KEMRI-Wellcome, Wizara ya Afya, Chama cha Madaktari wa Watoto na hospitali za kaunti. Faili za watoto waliolazwa zinaingizwa kwenye kompyuta kwa mpangilio mmoja, na kila hospitali inarudishiwa taarifa yake: wangapi walipimwa oksijeni, wangapi walipewa dozi sahihi, wangapi waliaga dunia. Wauguzi na madaktari wanakutana na kuziangalia bila kunyoosheana vidole.

Taarifa za namna hiyo pia zinatoka nje. Mwaka 2024 vilipotangazwa vigezo vipya vya kutambua sepsisi kwa watoto, vinavyoitwa Phoenix, vilikuwa vimepimwa kwa rekodi za watoto wa Marekani, Kolombia, Bangladesh, China na Kenya. Watoto wa Kenya walikuwa ndani ya kipimo chenyewe tangu mwanzo. Hilo linawezekana tu pale ambapo mtu fulani, wodini, usiku, aliandika namba kwa uangalifu.

Picha na jina

Sasa nirudi kwenye ile picha ya viganja. Sikuipiga vile kwa bahati. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, na za mtoto zinahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data ilitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni nne kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila ridhaa ya wazazi. Ikiwa ni hivyo kwa mtoto anayetabasamu darasani, sembuse aliyelala na mirija puani.

Wengi hawajui kwamba picha ikiingia grupu ya watu mia, simu nyingi huihifadhi zenyewe. Inakaa galari pamoja na picha za harusi. Mtoto wa mwenye simu anaichezea Jumapili, anaiona. Kwa hiyo kabla sijapiga, namweleza mama: "Mama Adhiambo, nataka kumwonyesha daktari mwingine kiganja chake, uso hautaonekana. Unakubali?" Sijawahi kukataliwa. Siku nitakapokataliwa nitaeleza kwa maneno, na maneno yanatosha mara nyingi. Jina haliandikwi, kijiji hakiandikwi, namba ya faili haipigwi picha. Umri, uzito, dalili, basi. Ukitazama, vitu hivyo vitatu ndivyo vile vile anavyovihitaji anayejibu.

Baadhi wanapendekeza ujumbe unaojifuta wenyewe. Faida yake naiona, ila ukifuta kila kitu, swali lililojibiwa vizuri linapotea pamoja na picha. Njia yetu ni kuhamisha swali na jibu, bila picha, kwenye daftari.

Nani analipa, nani anakesha

Bando ni za mfukoni mwetu. Nalitaja bila kulalamika kwa sababu mwenye kupanga jumuiya kutoka ofisini mara nyingi halioni. Video ya dakika ishirini na sita inakula bando ya muuguzi ya siku nzima. Somo lile lile likiwa ukurasa mmoja wa maandishi na picha mbili, au sauti ya dakika tatu, linafunguka hata mtandao ukiwa wa kusuasua. Sauti hasa tunaipenda, unasikiliza ukiwa kwenye matatu.

Na anayekesha analipwa na nani? Mara nyingi hakuna. Msimamizi wa grupu nzuri ni mtu mwenye moyo, na moyo huchoka. Akihamishwa, grupu inakufa taratibu, salamu za waridi zinarudi. Hospitali inayotaka jambo hili lidumu imwandikie msimamizi saa zake kwenye ratiba ya zamu, kama zinavyoandikwa za wodi, na iwe na wawili, ili mmoja akienda likizo mwingine abaki. Sijui namna nyingine ambayo imefanya kazi zaidi ya miaka miwili.

Daftari letu ni la kawaida, la kurasa mia mbili, linakaa kwenye droo ya meza ya wauguzi, na nakala yake iko kwenye faili moja inayofunguka kwa simu. Upande wa kushoto swali na tarehe, kulia jibu, jina la aliyejibu na ukurasa wa mwongozo. Chini mstari mmoja: mtoto alikuwaje. Wanafunzi wa mazoezi wanapofika tunawapa walisome kabla ya zamu yao ya kwanza ya usiku.

Swali la juzi bado halina kitu upande wa kulia. Kipima oksijeni cha kidole tulicho nacho ni cha mtu mzima, na kwa kichanga wa kilo tatu kinasoma 84, ukikisogeza dole gumba la mguu kinasoma 93. Cha watoto kimeagizwa. Tushike namba ipi hadi kifike? Fundi wa vifaa aliye Eldoret ameahidi kulijibu kwenye kikao cha Alhamisi.